Spamhaus kwenye Postfix: barua taka zilizopitia seva ya akiba

Nasimamia seva ya barua pepe ya shule moja, masanduku kama arobaini. Kila asubuhi nilikuwa nafuta barua taka kabla sijanywa chai. Nilipoweka ZEN, orodha ya anwani za watumaji wa barua taka inayotolewa na shirika la Spamhaus, nafuu niliiona siku ile ile. Ni mstari mmoja tu ndani ya Postfix, programu inayopokea na kutuma barua kwenye seva yetu: reject_rbl_client zen.spamhaus.org, na aliyeorodheshwa anakataliwa mlangoni.

Seva huigeuza anwani ya IP ya anayebisha hodi, 192.0.2.99 ikawa 99.2.0.192, ikaiunganisha na zen.spamhaus.org, kisha ikauliza DNS, mfumo wa majina ya intaneti. Jibu likirudi 127.0.0.4, anwani imo kwenye XBL, sehemu mojawapo ya ZEN, yaani mara nyingi ni kompyuta iliyotekwa. Kwa asiyeorodheshwa, DNS husema jina hilo halipo kabisa.

Lakini zipo barua taka zilizoendelea kuingia, nikadhani Spamhaus imeshindwa. Siku moja nikaifungua barua ya mkopo wa uongo nikasoma mistari ya Received, ambayo kila seva inayoipitisha barua huiongeza juu yake. Wa juu ni wetu, na ulionyesha seva ya akiba, ile inayotupokelea barua umeme ukikatika. Wa pili uliandikwa na seva hiyo ya akiba, na humo ndimo ilimokuwa anwani ya mtumaji halisi. Niliiuliza kwa mkono: 127.0.0.4. Kumbe Postfix ilikuwa inamkagua mpitishaji, naye ni msafi.

Dawa niliipata kwenye SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka baada ya kupokelewa. Niliiandika anwani ya seva ya akiba katika mipangilio yake ya trusted_networks na internal_networks, sasa programu hiyo inairuka seva ya akiba na kumkagua aliyeileta barua huko. Mistari ya chini zaidi usiiamini, mtumaji anaweza kuighushi. Wala usizikatae barua hizi: seva ya akiba imeshazipokea, ukizikataa itapeleka taarifa ya kushindwa kwa mtu ambaye jina lake liliibwa tu. Zangu naziweka kwenye folda ya taka.

Kosa moja liliniuma sana. Mwanzoni seva yangu iliuliza kupitia seva ya DNS ya umma, inayotumiwa na watu wengi. Spamhaus huyajibu maswali ya namna hiyo kwa 127.255.255.254, ambayo ni taarifa ya kosa, na Postfix usipoipa mipaka hulichukua jibu lolote kuwa ni kuorodheshwa. Kwa nusu siku tulikataa kila barua, hata za wazazi. Nikaweka Unbound, programu inayouliza DNS yenyewe, kwenye seva yetu, na kuandika zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11] ili majibu hayo tu ndiyo yahesabike. Pia permit_sasl_authenticated, inayowaruhusu walioingia kwa nywila, lazima itangulie, la sivyo walimu wanaotuma wakiwa nyumbani watanaswa na PBL, sehemu ya ZEN yenye anwani kama za intaneti za nyumbani.

Kwa matumizi madogo yasiyo ya biashara ZEN ni bure, nami naipendekeza kwa moyo wote. Wenye seva ya akiba nimewaomba waiweke ZEN kwao pia, maana pale ndipo barua hizo zinapostahili kukataliwa. Bado nasubiri jibu lao.