Darasa la jioni la kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, kwa wanaoanza kuandika programu

Nimeshaulizwa na watu kama wanne kuhusu hili darasa la jioni la Ngamiani nikaona niandike tu hapa. Mimi ni fundi baiskeli, mchana kutwa niko na spoku na minyororo, kompyuta nimeianza ukubwani na hii ni mara ya pili najifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Mara ya kwanza nililipa sehemu nyingine, jina silitaji, miezi miwili mwalimu anasoma kilichopo ukutani sisi tunanakili, nikatoka naweza kuandika if na else, yaani "kama" na "la sivyo" za kuweka masharti, daftarini ila ukiniuliza inafanyaje kazi nabaki nakutolea macho.

Hapa siku ya kwanza ya if kompyuta hazikuwashwa kabisa. Mwalimu aliandika ubaoni madaraja ya kidato cha nne, A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F, akasema haya andikeni masharti. Mimi nikaanzia chini, kama alama ni 30 au zaidi andika D, la sivyo kama ni 45 au zaidi andika C, nikapanda hivohivo mpaka A, nikajua nimemaliza. Akachukua kikaratasi akaandika 81, akasimamisha wenzangu wanne mstari mmoja kila mtu na sharti lake, mimi nikapewa kikaratasi nipite. Wa kwanza akauliza, 81 imefika 30? Imefika. Haya chukua D yako ukakae. Yaani wale watatu wa nyuma hawakuulizwa chochote! Ndo hapo nikaelewa kwamba kwenye if na elif (hiyo ndo "la sivyo kama") kompyuta inasoma kutoka juu kushuka, sharti la kwanza likitimia inafanya la hapo na yaliyobaki inayaruka yote. Tukageuza mstari, A akakaa mbele, 81 ikapata haki yake.

Kwenye kompyuta yakaja mengine. Alama = ikiwa moja ni ya kuweka thamani, ukitaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa unaweka mbili, ==. Ukisahau nukta mbili mwisho wa mstari wa if inagoma, usiposogeza ndani mstari unaofuata inagoma. Hayo yanazoeleka. Mimi kilichonitesa ni input, amri ya kupokea anachoandika mtu, naandika 81 inanirudishia maandishi mekundu, TypeError, yaani kosa la aina ya kitu, nusu saa nzima, mwalimu kasimama nyuma yangu kanyamaza, mwisho akaniuliza taratibu, "Kaka, hiyo 81 yako ni namba au ni maandishi?" Kumbe kinachotoka kwenye input siku zote ni maandishi, lazima ukipitishe kwenye int() kigeuke namba ndo ukilinganishe na 30.

Kitu kingine nampendea huyu mwalimu, hakubali useme programu yako imekubali mpaka uijaribu mipakani, 75 na 74, 30 na 29, alafu uipe 140 na -5 uone inajibu nini. Yangu ilimpa mwenye 140 daraja A bila wasiwasi, nikarudi kuongeza sharti juu kabisa. Sahivi nina kiprogramu changu cha dukani, tairi zikibaki chini ya tano kinaniandikia niagize, na kinafanya kazi.

Ubaya upo. Kompyuta ni sita na sisi tuko kumi na mbili, feni moja, na umeme ukikatika ndo basi mpaka kesho. Ila kwa elfu arobaini kwa mwezi mimi nasema nendeni.

Nimemwomba afungue na zamu ya asubuhi maana dada zangu wawili wanataka kusoma ila kurudi Makorora saa tatu usiku ni tabu kwao. Kasema wakifika watano anafungua. Kwa hiyo bado watatu, anayetaka aniambie.