Jaketi la theluji la mtumba, Sabasaba Dodoma: nyota 5, ila msikate kile kidude kilichoshonewa kwenye mkono wa jaketi

Wakuu, mwezi wa sita ulivyoingia na huu upepo wetu wa Dodoma nikaona sitoboi, natoka Ihumwa na boda saa kumi na mbili asubuhi nafika mjini kifua kinauma. Nikaenda Sabasaba siku wamefungua belo nikakutana na jaketi la wale watu wa kuteleza kwenye theluji, muuzaji kaanza elfu 35 tukamalizana elfu 22.

Kwa baridi ni hatari. Ndani kwa chini lina kama kasketi ka lastiki unakabana kiunoni kwa vifungo, huko kwao kanazuia theluji isiingie mtu akianguka, mimi kananizuilia upepo usipande tumboni. Zipu ya mfuko mmoja inakwama, basi.

Sasa kwenye mkono wa kushoto kuna kitu bapa kigumu, urefu kama kidole, kimeshonewa ndani, nje pameandikwa RECCO. Fundi cherehani alishashika mkasi akitoe, kadhani ni ile alama ya dukani ya kuzuia wizi. Nikamwambia ngoja kwanza, nikaingia gugo. Kumbe waokoaji wana mashine inayotuma mawimbi, hicho kidude kinayarudisha, wanajua mtu kafukiwa wapi chini ya theluji. Hakina betri wala hakiwashwi. Kampuni ni ya Sweden, mwanzilishi wake alipoteza rafiki kwenye maporomoko ya theluji kule Åre mwaka 1973. Nikakigusa tena kwa kidole nikanyamaza, fundi akarudisha mkasi mwenyewe.

Naandika yote haya kwa sababu mdogo wangu anaenda kusoma Innsbruck, Austria, nikamnunulia na yeye, akasema kaka basi milimani niko salama. Hapana jamani! Hiyo mashine wanayo waokoaji, mpaka wafike muda umeenda, na mtu aliyefukiwa mzima mzima zikipita kama dakika 10 nafasi ya kutoka hai inashuka vibaya sana, maana theluji ikishatulia inakaza kama zege hata mkono husogezi. Wa kukutoa ni mwenzako uliyeongozana naye, na kila mmoja awe na kile kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, koleo, na fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea chini kumtafuta mtu. Halafu msimu wa baridi taarifa ya hatari ya maporomoko ya Tirol, jimbo lenye huo mji wa Innsbruck, inatoka kila siku saa kumi na moja jioni ya kwao, ngazi 1 mpaka 5, nimemwambia asisubiri 5 ndo aogope, ngazi ya 3 inaua wengi maana watu bado wanaenda. Mteremko ukifika nyuzi 30 akae nao mbali, mara nyingi bamba la theluji, yaani tabaka lililoshikana linalokatika na kuteremka kwa pamoja, linashushwa na huyo huyo anayelikanyaga.

Juzi yalikuwa yamebaki mawili, la bluu saizi M na jekundu la mtoto. Papasa mikono na kofia kabla hujalipa.