Mchora hina wa Michenzani, kwa harusi ya watu wachache

Kama ndoa yenu inafungwa asubuhi ofisini kwa Kadhi, kisha mnarudi nyumbani kula pilau, bila ukumbi wala jukwaa, mtafuteni mama huyu wa Michenzani, mjini Unguja. Ndiye aliyemtia hina mdogo wangu, na nimeridhika naye kabisa.

Saluni ya kwanza tuliyoingia (jina silitaji) haikutaka kusikia habari ya hina peke yake. Ama mchukue vyote, gauni la kukodi, viti vya maharusi, maua ya plastiki, ama mwende zenu. Nikaeleza taratibu: baba ndiye walii, mashahidi wapo wawili, mahari imeshakubaliwa, hotuba itasomwa, baba ataozesha, bwana harusi atakubali, basi. Bibi harusi keshaulizwa ridhaa yake, yeye anabaki ndani na somo wake, yaani mwanamke anayemfunda. Yule bibie akasema kwa kazi ndogo kama hiyo atampiga piko, ule mchoro mweusi, chapuchapu. Nikamshika mdogo wangu mkono tukatoka.

Mama wa Michenzani anafanya kazi kwake, juu kabisa kwenye majumba ya maendeleo. Ngazi zinachosha, wenye magoti mabovu hawaziwezi, ila ukimlipia nauli anakufuata nyumbani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ndoa lini, mwanangu?" Tulipomwambia Alhamisi, akatutaka Jumanne alasiri. Hina ikishabanduka huwa na rangi ya chungwa, hukolea kesho yake na keshokutwa. Anayetiwa usiku wa kuamkia ndoa huozeshwa rangi haijaiva. Pia akamkataza kugusa maji mpaka asubuhi.

Unga anauchanganya mwenyewe kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, anaulaza usiku kucha, kisha anautia kwenye koni. Ukinusa unapata harufu ya majani na ndimu, si ya dawa. Viganja alivijaza maua mpaka ncha za vidole, maana ngozi nene hushika rangi zaidi. Mgongoni mwa mkono akapitisha mshipi mmoja tu wa majani, ukashuka hadi kidole cha shahada. Alhamisi mikono ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, mashaallah, na shangazi yetu mgumu kusifu aliishika akaigeuzageuza asiiachie.

Piko hapigi, hata umwongeze pesa. Kwa hili nampa heshima kuliko yote. Piko ya siku hizi ni ile rangi nyeusi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, ambayo haikukusudiwa kupakwa kwenye ngozi. Wapo wasiopata kitu. Wapo wanaowashwa, wakavimba, wakatoka malengelenge, na kovu likafuata mchoro ule ule, ua kwa ua. Mwili ukishaikataa mara moja, aghalabu huikataa maisha yote, hata akija kutaka kuficha mvi. Kumwunguza mwari mikono kwa sababu piko hukauka haraka na weusi wake unapendeza kwenye picha, hilo linaniuma sana, na nawaomba mama na masomo wa maharusi mlikatae.

Tulilipa shilingi 50,000 kwa mikono na miguu. Singo, ile ya kumsugua mwari mwili, ni 20,000 zaidi, ya liwa, dalia, karafuu na marashi ya mawaridi, na harufu yake ilibaki kwenye shuka. Vikuba, vile vishada vya maua, hatengenezi, tulivifunga wenyewe nyumbani kwa asumini, mrehani na kilua.

Kasoro yake ni kwenda taratibu mno. Tulikaa toka alasiri mpaka isha imeshapita, chumba kina joto, na mwari aliyenyoosha mikono yote miwili hawezi hata kujipangusa jasho. Nendeni na mtu wa kumlisha na kumnywesha. Angeweka feni nyingine ningemsifu zaidi.

Anachukua miadi kwa simu na hutaka nusu ya malipo kabla. Mwezi wa Shaabani mwahini mapema, kwani wengi huozeshana kabla ya Ramadhani na yeye kwa siku hupokea bibi harusi mmoja tu. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika amwombe ampake tone moja kwanza siku chache kabla. Anakubali bila kununa, wala hatozi kitu.