SketchUp na mduara wa isukuti: uzoefu wangu Jeevanjee

Kwa miezi minne nimetumia SketchUp, programu ya kuchora majengo na viwanja kwa 3D, toleo la bure linalofunguka kwenye kivinjari, kupanga siku ya utamaduni ya kikundi chetu katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi. Mimi si msanifu majengo. Zamani tulichora kwa kalamu nyuma ya daftari la mikutano, na siku yenyewe ikifika kila mtu anasimamisha hema lake anapoona pana nafasi.

Kilichonifunga kwa programu hii ni vivuli. Ukishaonyesha kwamba uko Nairobi, unachagua tarehe na saa, na vivuli vinatembea mbele ya macho yako. Nilikuwa nimeweka jukwaa upande wa Muindi Mbingu Street. Nikasogeza hadi Desemba, saa kumi na moja jioni: vivuli vya viti vikalala vyote nyuma ya viti. Yaani wazee wangekuwa wanatazama jua linalotua. Nikageuza viti vielekee Moi Avenue, kelele za matatu tukazikubali, na shida ikaisha kabla hatujakodi hata kiti kimoja.

Lakini faida kubwa sikuiona peke yangu. Nilimwonyesha mchoro mzee anayeongoza kikundi cha isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa inahitaji kulindwa haraka. Akaizungusha picha, akatazama jukwaa, akauliza, "Sasa sisi tutazunguka wapi? Hapa mmeweka pa kwaya." Kwenye daftari asingeuliza hivyo, kwa sababu jukwaa lilikuwa kisanduku kidogo tu. Kwenye programu aliona ngazi, aliona kimo, akaona ngoma zake tatu zimetengwa na watu.

Hapa mjini wazo hili si geni. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Gigiri, ilianza mwaka 2012 kutumia Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa vitofali, ili wakazi wenyewe, hasa vijana, wachore viwanja vyao, Kibera ikiwemo.

Kasoro zipo. Inataka intaneti muda wote, kwa hivyo jipange na bando. Na haikufanyii kazi ya miguu. Nilichora miti kwa kufuata picha ya setilaiti, nikachukua tawi kuwa shina. Nilipokwenda na futi ya kupimia nikakuta hema moja nimeliweka juu ya mizizi. Wahubiri wa saa ya chakula cha mchana na wapiga picha wanaotafuta riziki pale hawamo kwenye programu yoyote. Lazima uwaendee, uzungumze nao, kisha uwachoree nafasi yao.

Naipa nyota nne kati ya tano.

Jukwaa tuliliondoa. Mzee alikuja bustanini, akatembea hatua zake kutoka upande mmoja hadi wa pili, mimi nikipima nyuma yake: mita 14. Sasa mduara huo ndio ninaouchora kwanza, mahema yanafuata.