TAHADHARI: Wanaouza "mkopo wa benki ya Marekani" kwa ndugu asiye na makaratasi

Ndugu zangu wa Dar, hasa wenye watoto Marekani ambao makaratasi yao hayajakaa sawa, someni hili na muwafikishie kina mama kwenye magrupu ya familia. Kuna vishoka wanajiita mawakala wa benki ya Marekani. Wana chumba ghorofani Kariakoo, wana mihuri, wana fomu zenye bendera. Wanadai benki yao inakopesha wahamiaji wasio na vibali, ila ada inalipwa huku nyumbani na mzazi, kama mdhamini.

Jirani yangu wa Mbagala wamemkamua. Walianza na ada ya fomu, laki na themanini. Ikaja "bima ya mkopo", kisha "kodi ya kutoa fedha". Kila mara namba mpya ya kutumia hela, na jina linalotokea ni la mtu binafsi. Alipogoma, wakamwambia: pasipoti ya mwanao tunayo, anwani yake tunayo, tunampeleka uhamiaji huko huko. Mama wa watu akaenda kukopa kwenye kikoba, akalipa. Huu ni unyama. Wanajua kabisa mzazi wa namna hiyo ataogopa hata kupiga kelele.

Wanaaminika kwa sababu wanaanza na jambo la kweli. Marekani zipo benki na vyama vya akiba na mikopo vinavyomkopesha mtu kwa namba ya mlipa kodi, ITIN, iliyoanza kutolewa mwaka 1996 kwa wasiostahili namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii ya huko. Mwaka 2007 Bank of America ilijaribu kadi za mkopo Los Angeles kwa wateja wasio na Social Security, na kulikuwa na kelele nyingi. Lakini mteja alitakiwa awe na akaunti pale pale kwa miezi mitatu bila kutoa zaidi ya alichonacho. Yeye mwenyewe, huko huko. Hakuna mama wa Mbagala aliyeitwa kudhamini.

ITIN inaombwa kwa fomu W-7, na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya huko, haitozi ada kuitoa. Ina tarakimu tisa na huanza na 9. Haimpi mtu kibali cha kuishi wala cha kufanya kazi, kwa hiyo anayekuuzia "ITIN yenye kibali" ni mwongo moja kwa moja.

Wengine wanaelekezwa wakope kwenye simu ili wamalizie ada. Msithubutu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Kama umeshatuma hela, mpigie mtoa huduma wa laini yako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, kabla hawajaitoa. Ujumbe wao usiufute; utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba iliyoutuma. Kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB. Aliyeibiwa ni wewe, hapa Dar, na kesi ni ya hela yako. Makaratasi ya mwanao hayahusiki.

Na mpigieni mtoto mwenyewe kabla ya kulipa chochote. Wa jirani yangu hakuwa na habari ya mkopo wowote.