Uchambuzi: Vlychada, ufukwe mweusi wa Santorini usio na msongamano

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo hatuna simu mezani wala blenda; tunachambua ufukwe. Unaitwa Vlychada, uko kusini mwa kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Zile picha mnazozijua, nyumba nyeupe na makanisa yenye kuba za bluu, ni za Oia na Fira, juu kabisa ya genge. Kule mtu huenda kutazama machweo. Fukwe ndefu za mchanga mweusi ziko upande wa pili, mashariki na kusini.

Niwape hukumu mapema ili asiyetaka maelezo aende zake. Ukitaka utulivu, Vlychada inazishinda Kamari na Perissa, fukwe nyeusi maarufu zaidi, bila ubishi. Ukiwa na watoto wadogo, au ukienda mikono mitupu, nenda Perissa tu. Kule migahawa imejipanga nyuma ya mchanga na basi zinapishana siku nzima.

Sasa tuutazame mchanga wenyewe kwa karibu. Ukiwa mkavu ni wa kijivu; ukilowa ndipo unakuwa mweusi kweli. Chembe zake ni nene na kati yake mna kokoto. Uzuri wake ni kwamba haugandi sana mwilini: ukikauka unaupangusa kwa mkono na umekwisha. Ubaya wake, rangi hiyo inanyonya jua. Mwezi wa Julai, kuanzia kama saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, msiukanyage peku. Wengi huacha ndala kwenye taulo na kukimbilia majini. Kwenda unaweza, una hamu. Shughuli ni kurudi. Nendeni na ndala hadi pale mchanga ulipolowa, mzivue hapo, mzitupe juu kidogo wimbi lisizichukue. Viatu vya mpira vya kuogelea ni bora zaidi, kwa sababu kokoto zinaendelea hadi ndani ya maji. Na kanga moja ya kulalia haitoshi, joto linapenya. Leteni mkeka au taulo nene.

Maji ya Vlychada kina kinaongezeka haraka, kwa hiyo asiyejua kuogelea abaki ukingoni. Perissa nako kuna tatizo lake: sehemu nyingine zina mwamba bapa pale pale maji yanapoanzia, umeota mwani, unateleza kama sabuni. Tafuta mahali penye mchanga mtupu ndipo uingie.

Kinachoifanya Vlychada iwe Vlychada ni genge lililo nyuma yake. Ni majivu na mawe mepesi ya volkano, mabaki ya mlipuko mkubwa wa takriban miaka 3,600 iliyopita, yakachongwa na upepo na mvua hadi yakawa na mashimo, mifereji na nguzo. Okota kipande cha jiwe lile jeupe: kina vitundu kila mahali, hakina uzito, ukikitupa majini kinaelea. Hapo mpate jibu la kwa nini msitandike chini ya genge hata kama kuna kivuli kizuri. Ni majivu yaliyoshikana, si mwamba imara. Vipande hudondoka. Kaeni mbali nalo, msilipande, na msichonge majina yenu humo.

Upepo ndio unaoamua uende ufukwe gani. Julai na Agosti Bahari ya Aegean inapigwa na meltemi, upepo wa kutoka kaskazini. Sisi kaskazi yetu huja Desemba. Wao wanaupata wa kwao katikati ya kiangazi. Siku meltemi inapovuma, fukwe za kaskazini, kama Baxedes na Koloumbo, zinachafuka, mawimbi yanakuja moja kwa moja. Vlychada iko kusini, kisiwa kinaikinga, maji yanatulia, ingawa upepo bado unaweza kushuka kwa kishindo na kupeperusha vumbi la genge. Funikeni tundu la chaji la simu.

Siku isiyo na upepo, Koloumbo ni kimya kuliko hata Vlychada, lakini hakuna huduma. Unashuka kwa njia ya vumbi na kila kitu unabeba mwenyewe. Jina hilo ni la volkano iliyo chini ya bahari, kilomita kama 7 kaskazini-mashariki mwa kisiwa. Ililipuka mwaka 1650, gesi yake ikaua watu na mifugo. Mapema mwaka 2025 eneo hilo lilitikisika kwa wiki kadhaa na maelfu ya watu wakaondoka kisiwani. Ukiwa ufukweni ukasikia mtikisiko mkali, usisubiri tangazo: ondoka majini, jiepushe na genge, panda juu. Namba ya dharura ni 112.

Tukirudi Vlychada, vitanda na miavuli ya kukodi viko upande wa karibu na bandari ndogo ya mashua. Ulizeni bei kabla ya kukaa; mstari wa mbele huwa ghali zaidi. Kama unabeba mwavuli wako, usiuchomeke kwenye mchanga mkavu, hautashika. Chimba hadi ufikie mchanga wenye unyevu, zamisha mti wake karibu nusu mita, shindilia, kisha uinamishe kuelekea upepo unakotoka. Ukizidi kutembea kuelekea magharibi utakuta watu wasiovaa kitu. Ni mazoea ya pale, si ajabu. Kamera zizimwe.

Maji ya bomba kisiwani hayanyweki vizuri, nunueni ya chupa, lita 2 kwa kichwa kwa nusu siku. Chakula kipo bandarini, na hatua chache kutoka hapo kuna kiwanda cha zamani cha nyanya kilichogeuzwa jumba la makumbusho. Kama ngozi imechoka na jua, saa ya mchana itumieni humo.

Usafiri ndio udhaifu mkubwa. Basi zote huanzia Fira. Za kwenda Perissa ni nyingi, za Vlychada chache, na ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo ipigeni picha pale kituoni asubuhi, hasa saa ya basi la mwisho kurudi. Teksi kisiwani ni chache, msizitegemee. Wanaotaka kukodi gari au pikipiki ya magurudumu manne wakiwa na leseni ya Kenya au Tanzania, mtafute kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kusafiri. Na mkiweza kuchagua mwezi, chagueni Septemba: meltemi imepungua, watu wamepungua, na bahari bado ina joto la kiangazi.