Ultrasaundi ya Dopla ya viungo: walinikandamiza, wakaandika sifuri

Nimepimwa viungo vya mikono kwa ultrasaundi ya Dopla, na bado damu inanichemka. Ripoti inasema daraja 0 kila kiungo, yaani hakuna rangi ya damu iliyoonekana, kwenye mizani ya 0 hadi 3. Vifundo vyangu viwili vimevimba, hata kijiko kinanishinda kushika asubuhi.

Ile rangi inayowaka kwenye skrini ni damu inayopita katika vishipa vidogo vilivyoota kwenye utando wa ndani wa kiungo chenye uvimbe. Vishipa hivyo ni laini mno. Ukibonyeza kichwa cha mashine juu ya kifundo, vinajifunga, rangi inapotea, na kiungo kigonjwa kinaonekana kizima. Kwa hiyo jeli humwagwa tele na kichwa cha mashine kikaelea juu yake. Kwenye picha lazima lionekane tabaka jeusi la jeli kati ya kichwa na ngozi. Kwangu halikuwepo. Jeli ilikuwa tone tu. Nikamwomba mpimaji alegeze mkono, akanijibu, "Dada, mimi kazi hii nimeisomea," akazidi kukandamiza!

Mipangilio nayo ilikuwa ya mishipa mikubwa ya shingo. Damu ya vidoleni huenda polepole, kwa hiyo PRF (idadi ya mapigo ya sauti ambayo mashine hurusha kila sekunde) hushushwa hadi kati ya kilohezi 0.5 na 1, na kichujio kinachofuta ishara za mwendo wa polepole huwekwa chini kabisa. Nguvu ya rangi hupandishwa mpaka chenga zitokee, kisha hurudishwa taratibu mpaka ziishe. Kiganja hulazwa mezani, vidole vikiwa vimelegea. Mikono ikiwa baridi, vishipa husinyaa. Wala hakuna aliyeniuliza kama nimemeza diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe ambayo inaweza kufifisha ishara.

Kipimo chenyewe nakisifu. Eksirei hungoja mpaka mfupa uliwe. Hiki huona uvimbe mapema, hata pale vidole vya daktari visipogusa kitu. Zipo pia mashine mpya za mwanga: unaingiza mikono yote miwili, mwanga mwekundu na wa infraredi unapenya vidoleni, mikanda inabana mikono damu irundikane, na kiungo chenye uvimbe kinaumeza mwanga zaidi. Hapo hakuna wa kukukandamiza. Ila miguu haiingii humo, na mashine hizo hazikuonyeshi kama shida iko kwenye utando au kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka kano. Ipo na mashine ya leza, inayoifanya damu itoe mawimbi ya sauti na hata kupima oksijeni yake, lakini mara nyingi hushikwa mkononi vilevile, kwa hiyo mkono mzito utaiharibu nayo.

Nilitaka kutoa nyota nne kwa ajili ya mashine. Hapana, natoa moja. Sifuri hiyo ikishaingia kwenye faili, daktari anaweza kupunguza dawa huku utando unaendelea kutafuna mfupa. Nataka nipimwe upya, na mtu mwingine, na PRF ionekane kwenye kila picha.